Kansa inapojichimbia mfereji: utafiti wa Boston unavyotuhusu Njombe na Makambako

Kila tukirusha kipindi cha afya kinachogusa kansa, kuna swali halikosi kurudi kwenye simu yetu: "Ni kweli kuna dawa inayokata damu isifike kwenye uvimbe, uvimbe ukanyauka wenyewe?" Wengine wamelisikia jambo hilo kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam. Wengine wameuziwa chupa stendi na mtu aliyewaambia kwamba dawa yake "inakausha mizizi ya kansa". Dakika tatu za redioni hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeliandika hapa mlisome taratibu, na mwenye macho mazuri amsomee asiyeona vizuri.

Jibu la haraka ni hili: dawa ya namna hiyo ipo, ni ya hospitali, na imekuwepo tangu 2004. Ila haifanyi kile ambacho wengi wameambiwa inafanya. Hata hivyo utafiti ulioizaa umebeba jambo jingine, ambalo sisi tunaona lina faida kubwa zaidi kwa mama wa Wanging'ombe au Lupembe kuliko dawa yenyewe. Jambo hilo halihitaji safari ya Ulaya. Linahitaji kujua kansa inaanza kula wapi na lini.

Punje ya ulezi

Mtafiti tunayemzungumzia ni Judah Folkman, daktari wa upasuaji Mmarekani aliyezaliwa 1933. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliitwa kutumikia jeshi la majini la nchi yake, akapangiwa maabara huko Bethesda, karibu na Washington. Kazi aliyopewa haikuhusu kansa hata kidogo. Wakubwa walitaka kitu kinachoweza kukaa melini miezi mingi na kutumika mahali pa damu. Ili kupima kama kimiminika chao kinaweza kulisha kiungo, Folkman na mwenzake Frederick Becker walichukua tezi za shingoni za wanyama, wakaziweka kwenye chombo cha kioo na kuzipitishia kimiminika hicho. Tezi zikabaki hai. Wakapandikiza ndani yake chembe za kansa, waone kama zitakua.

Zilikua kidogo, kisha zikasimama. Zote zilisimama kwenye ukubwa ule ule, milimita moja au mbili, kama punje ya ulezi. Hazikufa. Walipozichukua na kuzirudisha kwenye panya hai, zikakua kwa kasi ya ajabu. Kulikuwa na tofauti gani? Ndani ya panya, mishipa mipya ya damu ilichipuka ikaufuata uvimbe. Ndani ya chombo cha kioo hakuna kilichochipuka.

Mwenye kinyungu bondeni hahitaji kuelezwa sana hapa. Kila chembe ya mwili inahitaji oksijeni na chakula, na vyote viwili huletwa na damu. Lakini oksijeni ikishatoka kwenye mshipa haisafiri mbali ndani ya nyama, ni umbali wa unene wa nywele moja au mbili hivi. Chembe iliyo mbali zaidi ya hapo inakufa njaa. Kwa hiyo uvimbe mchanga ni kama kinyungu kisicho na mfereji. Utaotesha mboga pale penye unyevu tu, basi. Ukitaka kupanua, lazima uvute maji kutoka mahali. Kansa huyavuta kwa kutoa kemikali inayoiamuru mishipa ya jirani ichipuze matawi kuelekea kwake. Kuota huko kwa mishipa mipya wanasayansi wanakuita anjiojenesisi.

Mwili wenyewe unaifahamu kazi hiyo. Kidonda kinapopona, mishipa mipya huota. Mji wa mimba hufanya hivyo kila mwezi, na kondo la nyuma hivyo hivyo. Kansa haikubuni kitu, imeiba ufunguo wa nyumba.

Folkman aliliandika wazo lake mwaka 1971 katika jarida la madaktari la New England Journal of Medicine. Alisema uvimbe usiopata mishipa yake hauwezi kuvuka ukubwa wa punje, na kwamba siku moja madaktari wataweza kuutibu kwa kuuzuilia mishipa hiyo. Wenzake wengi hawakumwelewa. Walisema mishipa inayoonekana kuzunguka uvimbe ni wekundu tu wa kawaida, kama ule wa pembeni ya kidonda. Yeye na wanafunzi wake wakaendelea. Kipande cha uvimbe kilichopandikizwa kwenye jicho la sungura, kwenye kile kioo cha mbele kisicho na mshipa hata mmoja, kiliita mishipa ikatambaa kutoka pembeni mpaka ikakifikia. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, akifanya kazi California, aliitenga protini inayotoa amri hiyo. Inaandikwa kwa herufi VEGF. Maabara ya Harold Dvorak huko Boston ilikuwa imekwishaiona mwaka 1983 kwa jina jingine, ikijulikana kama kitu kinachoifanya mishipa ivuje. Hilo la kuvuja tulikumbuke, tutalirudia.

Dawa yenyewe inaongeza nini

Dawa ya kwanza kuinasa VEGF inaitwa bevasizumabu, na jina lake la biashara ni Avastin. Marekani iliiruhusu Februari 2004 kwa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa. Katika utafiti uliotumika kuiidhinisha, nusu ya wagonjwa waliopata tibakemia peke yake waliishi zaidi ya miezi 15.6. Kwa walioongezewa bevasizumabu, nusu waliishi zaidi ya miezi 20.3.

Mwaka 2014 yakatoka matokeo yanayotugusa zaidi, ya kansa ya mlango wa kizazi. Wanawake 452 wa Marekani na Hispania, ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi, umegoma au umesambaa, waligawanywa katika makundi. Waliopata tibakemia tu, nusu waliishi zaidi ya miezi 13.3. Walioongezewa dawa ya kuzuia mishipa, miezi 17.0. Tofauti ni miezi mitatu na siku kama ishirini.

Hatuidharau miezi hiyo. Kwa mama mwenye mtoto wa darasa la saba, miezi mitatu inaweza kumfikisha kwenye mtihani wa mwanawe. Lakini wanawake wale walichaguliwa wakiwa bado na nguvu na figo zao zikifanya kazi, wakati kansa ya mlango wa kizazi ikichelewa mara nyingi hubana njia za mkojo na kuziumiza figo. Dawa nayo ina madhara yake. Inapandisha presha, inachelewesha vidonda kupona, na baadhi ya wanawake waliokuwa wamekwishapigwa mionzi walipata fistula, tundu kati ya utumbo na uke. Kwenye kansa ya matiti Marekani iliiruhusu mwaka 2008, kisha Novemba 2011 ikaiondolea ruhusa hiyo, kwa sababu haikuonyesha kuwaongezea wagonjwa maisha.

Kwa nini isimalize kazi? Kwa sababu ukiziba mfereji mmoja, uvimbe huchimba mwingine. VEGF ni amri moja tu kati ya nyingi. Tena mtafiti mwingine wa Boston, Rakesh Jain, alikuja mwaka 2001 na maelezo yaliyowashangaza wengi. Mishipa ya uvimbe imepinda na imejaa mianya kiasi kwamba hata tibakemia haifiki ndani vizuri. Dawa hii, alisema Jain, kwa muda huinyoosha mishipa hiyo badala ya kuikausha, na ndiyo maana husaidia inapotolewa pamoja na tibakemia. Yaani dawa iliyotangazwa kama ya kukata maji, faida yake moja ni kurekebisha bomba ili dawa nyingine ipite. Aliyekuuzia chupa ya kukausha mizizi hakukwambia hayo.

Tuseme pia kwamba si sisi peke yetu tunaochukuliwa na habari za tiba ya ajabu. Mei 1998 gazeti la New York Times liliweka ukurasa wa mbele habari ya protini mbili zilizotoka maabara ya Folkman, anjiostatini na endostatini, zilizokuwa zimefuta uvimbe kwenye panya. Hisa za kampuni iliyokuwa na haki ya kuzitengeneza zilipanda mara kadhaa kwa siku moja, na wagonjwa kutoka kila pembe wakapiga simu Boston wakiomba dawa ambayo haikuwa imewahi kupewa binadamu. Folkman mwenyewe alikuwa akiwatahadharisha watu kuwa kansa aliyoiweza ni ya panya. Protini hizo hazikuwa tiba iliyosubiriwa. Sisi tunaokumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011, tunajua mtu mwenye mgonjwa nyumbani anavyosikia habari ya namna hiyo. Folkman alifariki Januari 2008 akiwa uwanja wa ndege wa Denver, njiani kwenda kwenye mkutano, akiacha mamia ya makala na dawa kadhaa zilizotokana na wazo lake.

Damu inapoonekana, mfereji umeshachimbwa

Sasa turudi kwenye kuvuja. Mishipa ambayo kansa huiotesha ni kazi ya fundi mwenye haraka. Kuta zake ni nyembamba, imejikunja, inapasuka ikiguswa. Ndiyo maana kansa ya mlango wa kizazi hutoa damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi kabla ya siku zake, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi miaka mingi. Unaona tunakoelekea. Ikiwa damu hiyo imetokana na kansa, basi uvimbe umeshavuka ukubwa wa punje ya ulezi. Umeshapata maji yake.

Na sisi huku, wapo wanawake wanaokuja kupima baada tu ya kuona damu. Tumejifundisha kusubiri dalili, na dalili tunayoisubiri ni ishara kwamba hatua rahisi imepita.

Haraka tuongeze mawili, asije mtu akakata tamaa. Damu isiyo ya kawaida si lazima iwe kansa. Maambukizi, uvimbe wa kawaida wa kizazi au vinyama vidogo visivyo kansa navyo hutoa damu. Na hata ikiwa ni kansa, ikiwa bado iko mahali pake wengi hupona kwa upasuaji au mionzi. Anayetoka damu leo aende wiki hii, asingoje mavuno.

Lakini kabla ya damu kuna muda mrefu sana, na huo ndio muda tunaoutaka. Kansa hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata na mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki, na chembe za juu ya mlango wa kizazi huanza kubadilika. Shirika la Afya Duniani linasema kutoka hapo hadi kansa kamili huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. Miaka yote hiyo chembe zilizobadilika zinaishi ndani ya utando laini unaofunika mlango wa kizazi. Utando huo hauna mishipa ya damu ndani yake, unalishwa kwa unyevu unaopanda kutoka chini. Kinyungu bila mfereji. Chembe hizo haziumi, hazitoi damu, wala hazina njia ya kupandia kwenda kwenye ini au mapafu.

Zinaonekana kwa siki. Mhudumu aliyefundishwa hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Penye chembe zilizobadilika hugeuka peupe. Zikionekana na zikiwa zinafaa kutibiwa hapo hapo, huchomwa kwa kifaa cha moto kwa sekunde chache, au hugandishwa kwa gesi baridi. Mwanamke hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi hii ni ya mhudumu mwenye vifaa na mafunzo. Siki ya jikoni isipakwe na mtu nyumbani, itaunguza bure na haitaonyesha kitu.

Weka pembeni mambo mawili haya. Upande huu kuna siki, taa na sekunde chache za moto. Upande ule kuna dawa ya drip kila wiki tatu, Ocean Road, karibu kilomita 700 kutoka Njombe mjini, nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, mahali pa kulala, shamba lililoachwa, kwa ajili ya miezi mitatu na siku ishirini. Elimu ya Folkman ndiyo inayoeleza kwa nini pande hizi mbili zinatofautiana kiasi hicho. Katikati yake umepita mfereji.

Kwa nini Njombe kwanza

Kwa nchi nzima, makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya wa kansa zaidi ya 40,000, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Hakuna kansa nyingine inayoikaribia.

Mkoa wetu una mzigo wa ziada. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, karibu mtu 1 kati ya 8, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Utafiti uliotangulia, wa 2016 na 2017, ulikuwa umetukuta na asilimia 11.4. Wapo waliosoma namba hizo mbili wakasema Njombe tunazidi kuharibika. Tunadhani wamesoma nusu. Sehemu ya asilimia hiyo ni watu ambao zamani wangekuwa makaburini na leo wanavuna chai, wanapasua mbao na kulea wajukuu, kwa sababu ya dawa za kufubaza virusi. Asilimia inapanda pia watu wanapoacha kufa.

Lakini mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kansa ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye na VVU. Tumemwokoa na ugonjwa mmoja akaishi miaka ya kutosha kukutana na mwingine. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wote waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 30, ila mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25 na arudi mara nyingi zaidi. Pale CTC, mahali anapochukua dawa zake, ndipo penye nafasi nzuri ya kumpata. Ameshafika, ameshapanda bodaboda, ameshaacha kazi siku hiyo.

Na hapo ndipo wasiwasi wetu ulipo kwa sasa. Kwa zaidi ya miaka 20 huduma za VVU nchini zimebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR, na sehemu ya fedha hizo imelipia uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa wanawake wanaohudhuria CTC. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na tangu hapo hakuna anayepanga mambo yake kwa uhakika wa zamani. Fedha zikipungua, kitakacholindwa kwanza ni vidonge, na hilo ni sawa. Kinachoachwa bila kelele ni kile ambacho kukikosa hakumuumizi mtu leo. Mwanamke asiyechunguzwa mwaka huu hatalalamika mwaka huu. Atakuja baada ya miaka sita akitoka damu, na hakuna mtu atakayekumbuka kikao cha bajeti.

Tunaandika hivi tukijua halmashauri zetu zina mapato. Magogo yanapita Makambako usiku na mchana, viazi na parachichi vinalipiwa ushuru. Gesi ya kugandishia, kifaa cha moto, mafunzo ya muuguzi mmoja kwa kila kituo cha afya, ni matumizi ambayo baraza la madiwani linaweza kuyataja kwa jina kwenye bajeti. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023, na mengi yanasemwa kuhusu kadi itagharamia nini mtu akiugua. Sisi tungependa kusikia zaidi itagharamia nini kabla hajaugua.

Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi uliyeambiwa kwamba chanjo hiyo inaharibu kizazi, umeambiwa uongo. Inazuia kirusi kinachokiharibu.

"Walipompasua tu, akaisha"

Kauli hii tunaisikia misibani. Fulani alikuwa anatembea vizuri, madaktari wakaweka kisu, kansa ikaamka. Tulikuwa tukiipuuza, mpaka tuliposoma kazi ya mwaka 1994 ya Michael O'Reilly katika maabara ya Folkman. Alikuwa na panya wenye aina moja ya kansa. Alipoutoa uvimbe mkubwa, vijiuvimbe vya mapafuni vilivyokuwa vimelala vikaamka na kukua. Ikaonekana uvimbe ule mkubwa ulikuwa ukitoa protini inayozuia mishipa isiote mahali pengine, ndiyo ile anjiostatini. Bwana mkubwa alikuwa akiwanyima wadogo maji.

Kwa hiyo walioliona jambo hilo kwa macho hawakuwa wajinga. Walipokosea ni kwenye hukumu. Mbegu zile zilikuwa zimeshatawanyika kabla ya kisu, na panya aliyeachiwa uvimbe wake hakupona, aliuawa na uvimbe huo. Tena kansa za panya haziendi sawasawa na za watu. Kwa binadamu, upasuaji bado ndiyo tiba iliyoponya wengi wenye uvimbe uliowahiwa. Wengi wanaofariki muda mfupi baada ya kupasuliwa walifika wakati mbegu zimekwisha kuota. Na kukatwa kipande kidogo cha kupeleka maabara hakuamshi kansa. Bila hicho daktari anatibu gizani.

Doa kwenye unyayo

Hatuwezi kuzungumzia kansa na mishipa ya damu Njombe tukaiacha Kaposi, kwa sababu hii ni kansa inayotoka kwenye chembe zinazotandaza mishipa kwa ndani. Hapa hakuna jirani anayeibiwa maji, mifereji yenyewe ndiyo iliyoasi. Inaitwa kwa jina la Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Afrika Mashariki iliijua kabla ya UKIMWI. Mwaka 1961 ulifanyika Kampala mkutano wa kimataifa kuihusu, kwa sababu ilikuwa ya kawaida kwetu kuliko kwao. Kirusi chake, HHV-8, kiligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore, na VVU vinapoangusha kinga ya mwili kirusi hicho hupata nafasi.

Kwenye ngozi yetu huonekana kama doa jeusi lililoiva kama zambarau, au kinundu, mara nyingi mguuni, usoni au juu ya kaakaa mdomoni. Mara nyingi haliumi wala haliwashi. Baadaye mguu unaweza kuvimba ukawa mgumu kama gogo. Hapo ndipo familia nyingi husema mtu amekanyaga kitu alichotegewa, na miezi inapita kwa mtaalamu wa kutegua.

Kaposi ya mapema mara nyingi hurudi nyuma kwa dawa za kufubaza VVU peke yake zikimezwa vizuri. Iliyokomaa inahitaji na tibakemia. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, ulionyesha kuwa paklitakseli pamoja na dawa za VVU ilifanya vizuri kuliko tibakemia nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Kwa taarifa yako, paklitakseli ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani, na dawa nyingine ya kansa, vinkristini, inatoka kwenye lile ua dogo la pinki au jeupe lenye asili ya Madagaska linalopandwa uani kwa mapambo. Kwa hiyo hatupingi kwamba miti ina dawa. Tunachouliza kwa muuza chupa wa stendi ni kipimo, kwa sababu ua hilo hilo likichemshwa ovyo ni sumu.

Ukiwa na doa la namna hiyo, lionyeshe CTC au kituo cha afya kilicho karibu, na mvue kiatu mgonjwa wako umtazame nyayo. Hospitali za Ilembula, Ikonda na ya rufaa ya mkoa pale Njombe zipo karibu kuliko Mbeya au Dar es Salaam, na barua ya rufaa huanzia huko.

Kwa mama unayehudhuria kliniki, siku ukienda kuchukua dawa muulize mhudumu: mlango wangu wa kizazi uliangaliwa lini mara ya mwisho, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi yangu? Baba, nauli ya siku hiyo usiigeuze mjadala. Na ukijibiwa kwamba kifaa kimeharibika, gesi imeisha au muuguzi aliyefundishwa kahamishwa, tutumie jina la kituo na tarehe kwa ujumbe mfupi. Jina lako hatulihitaji. Tutampigia Mganga Mkuu wa halmashauri husika, na majibu yake mtayasikia hewani.